Aliyemsindikiza Mukandori

Mtumbwi ulienda kisiwani na watu wanne ukarudi na watu wanne, lakini wakati wa kurudi ulikaa ndani ya maji kama uliobeba watano. Hilaire, mwenye mtumbwi, aliliona hilo kabla ya kuchovya kafi. Alitazama mstari wa maji ubavuni, akamtazama Bwana, akamtazama Madamu na kofia yake, mwisho akamtazama Mukandori aliyekaa nyuma na kapu la vyombo magotini.

"Kuna muntu hakusema rudi?" aliuliza kwa sauti ya chini, kama anayeuliza jambo kanisani.

"Nilisema," akajibu Mukandori, macho kwenye maji.

Hakusema.

Ilikuwa kiangazi cha mwaka 1953, na yote yalianza kwa sababu Madamu alikuwa amechoka na watu. Kila Jumapili Bwana alimteremsha kwa gari kutoka shamba lao la ng'ombe karibu na Kirolirwe hadi ufukwe wa ziwa kubwa kule Goma, na kila Jumapili alikuta palepale Wabelgiji walewale aliokuwa amewakimbia Ubelgiji, na miavuli yao, mbwa wao na gramafoni zao. Akataka mahali pasipofika mtu. Akaambiwa kwamba juu milimani, kwenye maziwa madogo ya Mokoto, kuna kisiwa kizuri chenye miti mikubwa ambacho hakijaandikwa katika kitabu chochote cha wageni. Madamu akapiga makofi. Kweli hakuna watu? Hakuna. Wala hakufikiria kuuliza kwa nini. Katika nchi ya Masisi, ambako ndugu wa tumbo moja hununiana mwaka mzima kwa ajili ya tuta la maharagwe, kisiwa chenye udongo mweusi na kuni za bure kikikaa bila hata mche wa boga, basi kina sababu yake. Lakini Madamu alikuwa amebeba kamera, maswali aliyaacha nyumbani.

Mukandori alikuwa mfuaji wao wa nguo, mwaka wa sita sasa. Walimchukua abebe kapu na kuosha sahani. Alikuwa mjane wa miaka arobaini na kitu, mrefu, mkimya, aliyekaa peke yake kwenye nyumba ndogo juu ya shamba. Mumewe Védaste alikwenda Walikale kuchimba kasiterite, madini ya bati, mwaka 1946. Siku ya kuondoka Mukandori alimsindikiza hadi kijito kilicho chini ya Kirolirwe, na pale Védaste akamwambia, "Basi, Mama Adelaïde, rudi." Akarudi. Védaste mwenyewe alirudi akiwa barua, na katekista ndiye aliyeisoma. Miaka mitano baadaye binti yao Adelaïde akaolewa na mtu wa Mpofi, kule msituni, na Mukandori akamsindikiza hadi barabarani lilikosimama lori. "Mama, rudi, vumbi litakuchafua." Akarudi. Mara mbili neno hilohilo lilikuwa limewatoa watu nyumbani mwake, na hakulipenda.

Lakini mwaka huu alikuwa na la kungojea. Adelaïde alikuwa na mimba ya kwanza, na mtoto wa kwanza binti humzalia kwa mama yake. Angefika baada ya mavuno ya maharagwe. Hilo tu ndilo lililomtoa Mukandori kitandani asubuhi.

Sasa, kwenye milima ile mgeni haagwi mlangoni. Mwenyeji hutoka naye, hutembea naye hadi uani, hadi kijitoni, hadi njia panda, wakizungumza, na si mwenyeji anayeamua pa kuishia. Ni mgeni anayemfungua kwa kumwambia: umenifikisha, rudi. Asiposema, mwenyeji anaendelea kutembea. Watoto hulijua hili kabla hawajajua ishara ya msalaba. Wazungu wao hufunga mlango na kudhani wameagana.

Ndiyo maana, kabla ya kuvuka, Hilaire alikuwa amewasimamisha ufukweni na kuwaeleza taratibu, kama mtu anayesoma sheria ya soko. Kisiwa kile kinaitwa Kwa Mwenyewe. Mule ni kwa muntu, alisema, munaingia, munasalimia, munatoka, kila muntu anasema rudi, kwa kinywa yake. Madamu alifurahi sana. Alifanya mazoezi njia nzima, "Ludi, ludi," akicheka, na Bwana naye akalisema huku sigara mdomoni. Wale wawili walikuwa salama kabisa.

Walipokwisha kula, Wazungu wakalala kivulini. Mukandori akaenda kutafuta kuni za kahawa. Alipanda kijia kidogo, na kule juu, katikati ya miti, akatokea kwenye uwanja.

Ulikuwa uwanja wa nyumba, mviringo, umefagiliwa, na michirizi ya ufagio ilikuwa bado na unyevu. Nyumba yenyewe haikuwepo. Katikati palikuwa na mafiga matatu, na majivu kati yake yalikuwa mabichi kwa maji, lakini alipoweka kiganja juu yake yalikuwa na joto. Palinuka siagi ya ng'ombe iliyochacha, ile ambayo bibi zetu walijipaka mwilini. Miti iliinamia uwanja pande zote, na hapakuwa na jani hata moja chini. Jani moja lilianguka akiliona. Aligeuka kuangalia njia aliyotokea, na aliporudisha macho, jani halikuwepo.

Mtu mwenye akili angeondoka. Lakini mtu mwenye adabu hapiti uwanja wa mwenzake bila salamu, na Mukandori alilelewa vizuri. Akasalimia. Hakuna aliyejibu, ila kimya kilikuwa kile cha mtu anayesikiliza. Akakaa kwenye figa moja apumzike, na bila kujua ilivyoanza, akajikuta anazungumza. Alieleza habari za Védaste. Alieleza habari za Adelaïde, mimba, na mavuno ya maharagwe. Alizungumza kuliko alivyozungumza mwaka mzima, na hakuna aliyemkatiza ili kumweleza matatizo yake.

Aliposhuka, nyuma yake kulisikika nyayo, miguu mitupu juu ya majani makavu, nusu hatua nyuma, kama anavyotembea mwenyeji mwenye heshima. Akipunguza mwendo, zinapunguza. Akisimama kuokota kuni, zinasimama. Hofu ilimshika, ndiyo, lakini chini ya hofu kulikuwa na kitu kingine alichoona aibu kukitaja: tangu lini mtu amemsindikiza yeye? Siku zote yeye ndiye aliyesindikiza.

Ufukweni Madamu aliiambia miti "Ludi!" na kuipiga picha. Mukandori akafungua mdomo. Neno lilikuwepo, lilikaa juu ya ulimi. Akaufunga mdomo, akapanda mtumbwini.

*

Asubuhi ya kwanza alikuta uwanja wake umefagiliwa.

Alidhani ni Euphrasie, jirani yake, ingawa Euphrasie hakujulikana kwa kufagia hata kwake. Asubuhi ya pili mtungi wa maji ulikuwa umejaa, na nyumbani mlikuwa na harufu ya siagi iliyochacha na majivu mabichi. Asubuhi ya tatu alisimama mlangoni akatazama michirizi vizuri. Ilianzia kwenye ua wa matete, ikaja mstari kwa mstari hadi kizingitini, na nyayo za aliyefagia hazikuwemo.

Mukandori hakupiga kelele. Alisema "asante" kwa sauti ndogo, akaenda kufua.

Tusimcheke. Kwa majuma mawili alikuwa na furaha. Jioni mapema, jua likiwa bado kwenye migongo ya ng'ombe, alikaa jikoni akikoboa maharagwe na kuzungumza, na upande wa pili wa moto mkeka ulibonyea taratibu, kama ubonyeavyo mtu anapokaa. Hakupika tena chakula cha mtu mmoja. Sahani ya pili ilibaki imejaa, lakini chakula chake, alipokionja, hakikuwa na ladha yoyote, hata ya chumvi.

Kuku ndio walioondoka kwanza. Walihamia kwa Euphrasie, wote sita, wakakataa kurudi. Halafu Euphrasie mwenyewe alikuja mchana mmoja, akanywa togwa, akasengenya nusu ya parokia, akaaga. Mukandori akainuka amsindikize, na akasikia nyayo zimetangulia mlangoni. Akakaa tena. Hakujua kwa nini aliona si zamu yake.

Siku tatu Euphrasie hakuonekana. Mukandori alimkuta kijitoni na ndoo, na Euphrasie akarudi hatua mbili.

"Mama Adelaïde, ule muntu wako ni nani?"

"Muntu gani?"

"Ule ulituma anisindikize. Nilisikia miguu mpaka kwangu. Niligeuka, hakuna muntu. Niliingia ndani, alisimama pa mulango siku mbili, mchana kweupe, watoto wanasikia anapumua." Alitazama bega la Mukandori, si uso wake. "Leo asubui njo nilisema, kama wewe ni mugeni wa Mama Adelaïde, rudi kwake. Akaenda. Mimi sitakuja tena kwako. Usinikasirikie."

Hakuna aliyeingia tena ndani. Katekista alifika uani, akasali haraka, akasema ni shetani. Mpishi wa shambani, Mwungwana wa Kasongo, Mwislamu, alisema ni jini na akaacha hirizi juu ya ua badala ya kuingia. Kila mmoja alikuwa na jina lake la kitu kile na hakuna aliyetaka kukaa nacho dakika kumi. Mukandori alibaki nacho, na kidogokidogo akaanza kutambua kwamba hakuwa tena anazungumza kwa kupenda, bali kwa kuogopa kunyamaza, maana akinyamaza alisikia ufagio ukipita ndani ya nyumba, juu ya mikeka, chini ya kitanda, ukikaribia miguu yake na kuizunguka kama unavyozungukwa mguu wa meza.

Halafu, siku maharagwe ya mwisho yalipoanikwa, alirudi kutoka kufua saa nane za mchana, jua kali, akafungua mlango na kukuta kitu kimetundikwa kwenye msumari ambao Védaste alikuwa akitundika koti lake, kitu cheusi, kilicholegea, kinachodondosha maji tone kwa tone, na alipokikaribia akatambua kuwa ni ingobyi, ile ngozi ya kubebea mtoto mgongoni, ya kizamani, imeliwa matundu na maji na miaka, lakini juu ya uozo ule imepakwa siagi mpya, imesuguliwa na kulainishwa kwa mikono yenye subira, mikanda yake imefungwa upya, tayari, kama inavyotayarishwa katika kila nyumba ambamo mtoto anangojewa.

Yeye ndiye aliyesema. Mimba, mavuno, siku za kufika, kila kitu alikieleza pale juu ya figa.

*

Kutoka kwake hadi ziwani ni safari ya siku. Aliondoka alfajiri na ingobyi ndani ya kapu, na nyayo nyuma yake mlima hadi mlima. Hilaire alikuwa anatengeneza nyavu mbele ya nyumba. Alimwona akishuka kilimani, akasimama, akaingia ndani na kutoka na vigoda viwili. Akaviweka kimoja kando ya kingine. Yeye mwenyewe akabaki wima, na muda wote wa mazungumzo hakukitazama kile kigoda cha pili.

Mukandori alimweleza yote, na uongo wa mtumbwini pia. Hilaire hakumkaripia. Alimweleza habari aliyoipata kwa baba yake, aliyeipata kwa baba yake. Wakati wa ndui, watu walivusha mwanamke mmoja na mtoto mgongoni, wakae kule hadi wapone. Watu walipeleka chakula, wakakiweka kwenye mwamba wa ufukweni. Yule mwanamke alikuwa na adabu zake; kila walipokuja aliteremka kuwapokea na kuwasindikiza, naye akisimama mbali kwa sababu ya ugonjwa. Wao walikimbilia mtumbwi bila kusema neno. Mtoto akafa mgongoni. Mama, kama alipona au hakupona, hakuna aliyerudi kutazama.

"Anafagia, anangoja wageni," alisema Hilaire. "Hana ubaya, Mama. Hakuna muntu alimufungua, njo hiyo tu."

"Anataka mutoto wa binti yangu."

"Ndiyo." Alifikiri. "Nyumbani kwako ni mugeni, huwezi kumufukuza. Kule ni kwake. Murudishe, uage vizuri, utembee ile njia tena. Na useme. Usiseme kama ule Madamu. Sema kama muntu anajua neno linabeba nini."

Walivuka asubuhi, ukungu umekaa juu ya maji, mtumbwi ukiwa mzito kwa watu wawili. Hilaire hakushuka.

Uwanja ulikuwa umejaa majani. Mwenye nyumba alikuwa hayupo, basi nani angefagia? Mukandori akavunja tawi, akaufagia wote, kwa kuwa hakuona namna nyingine ya kumkaribisha mtu kwake. Aliiweka ingobyi kando ya mafiga. Akakaa kidogo, kama inavyopasa. Akaaga.

Nyayo zikamfuata, lakini safari hii hazikuwa nusu hatua nyuma, zilikuwa nyuma kabisa, kisigino chake kikiinuka zinakanyaga pale kilipotoka, na harufu ya siagi ikampanda shingoni pamoja na baridi kama ya mlango wa pango, na ukungu ulikuwa umeifuta njia na maji na mtumbwi na Hilaire mpaka akaona kwamba duniani wamebaki wawili tu, yeye na huyo anayemsindikiza, na kwamba ikiwa hatafungua mdomo watatembea hivi hadi mwisho wa vitu vyote, na kitu ndani yake kilisema si vibaya, na hapo ndipo sauti ilipozungumza sikioni mwake, ya chini, ya upole, iliyokauka kwa kutotumika:

"Mutoto atakuja lini?"

Mguu wake uligusa maji.

"Umenifikisha," alisema Mukandori, bila kugeuka. "Asante kwa kunisindikiza. Rudi."

Kisha nyayo ziligeuka. Zilipanda polepole, moja, nyingine, nyingine, kama za mtu anayetumaini kuitwa. Halafu, mbali juu kwenye miti, ufagio ukaanza.

Mtumbwi ulirudi mwepesi kama jani. Hilaire alifurahi hata akaimba. Mukandori alilia njia nzima, na Hilaire, aliyekuwa mtu mwema, alidhani ni furaha.

*

Adelaïde alifika na tumbo mbele, akajifungua salama mtoto wa kike, wakamwita Constance. Kuku walirudi. Euphrasie alirudi, na habari zote alizokuwa ameziweka akiba. Kwa miezi mitatu nyumba ilikuwa na moshi, nepi, kelele na ugomvi mdogomdogo wa mama na binti kuhusu namna ya kumwogesha mtoto, na Mukandori alikuwa akiamka kabla ya jogoo ili asipoteze hata kidogo.

Mwezi wa kwanza wa mwaka mpya mume akaja kumchukua mkewe. Mukandori aliwasindikiza hadi barabarani. Adelaïde alisema watakuja tena mtoto akianza kutembea. Halafu akainama, akamgusa mama yake mkono.

"Mama, rudi sasa."

Akarudi. Uani kulikuwa na maganda ya maharagwe na majani ya mgomba. Hakuyafagia. Alijiambia ni uchovu. Asubuhi alifungua mlango akatazama: maganda, majani. Asubuhi ya pili, vilevile. Asubuhi ya tatu alisimama mlangoni muda mrefu, akavuta hewa kwa pua, na hapakunuka kitu isipokuwa nyumba yake.

Kiangazi kilipofika, Madamu alipata wageni kutoka Bukavu, mke na mume, nao walikuwa wamechoka na watu. Aliwaahidi kisiwa chake ambacho hakijulikani. Mukandori alipanga sahani na vikombe kapuni. Chini kabisa, ndani ya kitambaa, aliweka kibuyu kidogo cha siagi ya ng'ombe, ambayo Madamu hakuiagiza.

Ufukweni Hilaire aliwahesabu, Wazungu wanne na Mukandori, akawaeleza masharti. Wageni walicheka. "Ludi, ludi," Madamu aliwafundisha. Hilaire akamsogelea Mukandori.

"Mama Adelaïde. Neno unalijua?"

"Ninalijua, Papa Hilaire."

Na huo haukuwa uongo. Mtoto angeanza kutembea baada ya miezi mitatu, minne. Hiyo ni miezi mingi, alijiambia, na atamrudisha yule mama kisiwani kabla.

Jioni abiria walirudi walewale watano. Wazungu walikuwa wamechomwa na jua, wakizungumza wote pamoja. Hilaire aliinua kafi, akatazama mstari wa maji ubavuni, akabaki na kafi hewani. Polepole akageuza kichwa nyuma.

Mukandori alikuwa amekaa kapu magotini, macho kwenye maji. Hakumtazama. Alisogea kidogo pembeni, kama mtu anavyompisha mwenzake kwenye benchi la kanisa.